Mlima Ukutani kwa Naelijwa

Mlima wa mwenzio hauchorwi kwa jicho lako.

Mmelisikia neno hilo asubuhi hii, bibi yenu alipowakuta mnampakia chumba chake rangi ya waridi bila kumuuliza, na sasa mnataka kujua limetoka wapi. Wekeni brashi chini. Nitawaeleza lilikozaliwa, na pale nitakapozidisha chumvi mtajua wenyewe kwa kiu.

Tabora, karibu na stesheni, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Lugusha. Alikuwa gadi wa gari moshi kwa miaka thelathini, yule mwenye filimbi na bendera ya kijani, na hata alipostaafu tabia za kazi hazikumtoka. Akienda sokoni alitazama saa kwanza, na mkewe akichelewa kumaliza chai alikohoa kana kwamba mabehewa manane yanamsubiri.

Mkewe aliitwa Naelijwa. Alikuwa Mpare wa milimani, na Lugusha alimpata zama zile alipofanya kazi kwenye reli ya kaskazini, ile inayopita chini ya milima ya Upare. Wazee wa binti waliteremka kwenye posa, harusi ikafungwa kanisa la karibu na stesheni, na bwana harusi akarudi kazini. Huko juu kwa wakwe hakuwahi kufika. Kila mwaka ilikuwa mwakani. Basi akamleta mkewe Unyamwezi, nchi tambarare, ambako mtu akitamani kupanda juu inambidi akwee kichuguu.

Walizaa, wakalea, wakazeeka. Kila msimu wa kuvuna tangawizi Naelijwa alifunga mzigo akaenda kwao mwezi mzima, na akirudi uso umenawiri na sauti imepanda. Mwaka ule magoti yakakataa. Daktari akamwambia waziwazi kwamba mambo ya milima basi; hata akijikongoja akafika juu, kushuka atashuka kwa machela.

Naelijwa hakulia. Ingekuwa heri angelia. Alinyamaza tu. Mwanamke aliyekuwa akiimba jikoni mpaka majirani wakajua kwa wimbo ni mboga gani iliyo chunguni, sasa alipika kimya, na chakula kikaja mara hakina chumvi, mara kina chumvi ya watu kumi. Akiulizwa hali, alijibu, “Sijambo, Baba Ombeni,” akimtaja kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyeolewa Nzega. Lugusha akaingiwa na hofu. Aliona mkewe anaondoka polepole huku amekaa kitini, na kwa safari ya namna hiyo yeye hakuwa na bendera nyekundu ya kuisimamisha.

Ndipo alipomkumbuka Fundi Zamda. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, kazi yake kupamba nyumba ndani kwa rangi, lakini si ile ya kupaka ukaenda zako. Mpe ukuta wa saruji: alichovya unyoya wa kuku, akauburuza na kuutetemesha, mishipa ya jiwe ikajitokeza, ukuta ukawa marumaru. Mpe mlango wa mbao za masanduku: aliupaka rangi ya kahawia, akauchana kwa kitana ungali mbichi, ukatoka mninga mtupu, na wapo wanaoapa kwamba bwana misitu alikuja kuuliza mti huo umekatwa wapi. Sebuleni kwa mwalimu mmoja alichora msumari wa kutundikia kofia. Mgeni akaingia, akatundika kofia yake, na kofia, msinibishie, ilikaa pale kwa muda kabla haijagundua.

Lugusha akamwita fundi huyo, akamwonyesha ukuta wa chumbani unaotazamana na kitanda.

“Nataka mlima wa kwao mke wangu. Ukuta mzima. Akiamka auone.”

“Sawa, mzee wangu. Mama yuko wapi nimuulize?”

“Umuulize nini?”

“Huo mlima.”

“Mimi nimepita chini ya mlima huo miaka sita, kwenda na kurudi. Niulize mimi.”

Zamda alikuwa na desturi yake: hagusi kopo la rangi kabla hajakaa na yule atakayeamka kila siku akiutazama ukuta. Akamwambia hivyo. Lakini Lugusha alitaka iwe zawadi ya ghafla, na alikwisha kumpeleka Naelijwa Nzega wiki nzima kwa kisingizio cha kuwaona wajukuu. Fundi akautazama ukuta, akamtazama mzee, akaguna, akafungua kopo.

Wakachora. Nasema wakachora kwa sababu Lugusha hakubanduka. Siku ya kwanza mlima ulitokea vizuri, umekaa kama fahali aliyelala, na nundu yake juu, na vichaka vikavu ubavuni, vile vile unavyoonekana ukiwa relini. Siku ya pili mzee akasema mlima huo bila reli chini yake hakuna atakayeamini. Reli ikachorwa. Halafu reli tupu ikamsikitisha, likachorwa gari moshi.

“Na gadi,” akasema Lugusha. “Gari bila gadi ni ajali, Fundi.”

Zamda akamweka gadi mlangoni mwa behewa la mwisho, na bendera yake.

“Nilikuwa na masharubu.”

“Mzee wangu, huyu mtu ana urefu wa kidole. Masharubu nitayapachika wapi?”

“Basi mkuze kidogo.”

Akamkuza kidogo. Siku ya nne gadi alikuwa na masharubu, vifungo vya shaba, na kimo cha nusu ya mlima. Mlima wenyewe ulikuwa umerudi nyuma kama mtu aliyejikuta katika picha ya harusi ya watu asiowajua. Lugusha akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, roho kwatu.

Jumamosi Naelijwa akarudi. Mumewe akamfunika macho kwa kitenge, akamshika mkono hadi chumbani, akaufunua uso wake. Zamda alikuwa amesimama pembeni na vitambaa vyake vya rangi. Naelijwa akaegemea bakora yake, akaangalia kwa muda mrefu.

“Gari moshi zuri,” akasema.

Akamshukuru fundi kwa mikono miwili, akaenda kuwasha jiko.

Kulipopambazuka Lugusha alinyoosha mkono, akakuta miguu mahali pa kichwa. Mkewe alikuwa amehamisha mto upande wa pili wa kitanda, uso ameuelekeza dirishani, ambako hakukuwa na cha kuona ila mabati ya choo cha jirani.

“Mama Ombeni, mto umefuata nini huko?”

“Huku kuna upepo.”

“Dirisha limefungwa.”

Naelijwa akajivutia shuka.

“Mlima hujaupenda,” Lugusha akasema.

“Si nilisema ni zuri?”

“Ulisifu gari moshi. Mlima hukuutaja.”

Naelijwa akacheka puani. “Wewe umeanza lini kushika watu kwa maneno yao? Kwenye ndoa hii mpenda kesi ni mimi, Mpare.”

Siku nyingine Lugusha angecheka naye. Safari hii aliketi ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa sauti ndogo, “Nimekosea wapi?”

Mkewe akajiinua taratibu, akakaa. Akautazama ukuta, kisha akamtazama yeye.

“Hujakosea. Ukiwa chini mlima uko hivyo hivyo, ng’ombe kalala na nundu yake. Lakini huko chini mimi sikuamka hata siku moja. Nikienda kwetu napanda nimeinama, natazama njia nisianguke. Nikiondoka, nikishafika stesheni, ndipo nageuka. Huo ulionichorea ni mlima wa kuaga, Baba Ombeni. Mara ya kwanza kuuona hivyo ni siku uliyonichukua. Wewe ulikuwa unapunga bendera. Mimi nilikuwa dirishani, nimegeuza shingo mpaka ikakakamaa.”

Siku ile Lugusha alikuwa ameisimulia kwa watu zaidi ya miaka arobaini. Katika hadithi yake kulikuwa na filimbi, bendera, na binti mzuri ndani ya behewa la tatu. Shingo ya binti haikuwamo. Alipofungua mdomo likatoka swali, na akastaajabu mwenyewe kwamba hakuwahi kuliuliza.

“Kwenu ukiamka, unaona nini?”

Naelijwa akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hodi na hana hakika ni mlango wa nani unaobishwa.

“Mwite fundi,” akasema mwishowe. “Sitaki kusema mara mbili.”

Zamda alipofika aliacha makopo yake uani, akaja kukaa kitandani bega kwa bega na Naelijwa. Lugusha akaketi kigodani karibu na mlango.

“Haya, mama. Umeamka, umefungua mlango. Kuna nini?”

“Mlango wa jikoni,” Naelijwa akasahihisha. “Wa mbele hufunguliwa kwa wageni. Kwanza kuna baridi. Hiyo utaichoraje?”

“Itanibidi nijue. Endelea.”

“Mlima hauonekani kama mlima. Uko ndani yake, unauonaje? Unaona migomba ya mama, na mkeka wa tangawizi, na chini yake ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, linatoa ukungu kama sufuria. Ng’ambo kuna mawe mawili yameachana kidogo. Jua halitokei juu ya mlima, mwanangu. Linatokea hapo kati ya mawe, jembamba, kama mtu anayechungulia kuona kama mmeamka. Baba alikuwa hasemi na mtu mpaka lipite pale. Likipita tu, anasema, ‘Naam, limetufikia.’ Ndipo tunakunywa uji.”

Akaendelea. Alitaja njia ya kwenda kuchota maji, na jiwe la chini sana lililoinamia njia hiyo, ambalo watoto waliliita Mama Mkwe kwa kuwa hakuna anayelipita bila kuinama. Alimtaja dada yake aliyekufa mdogo, na pale alipopenda kukaa akisuka ukili. Lugusha alisikiliza. Hakukohoa, hakutazama saa. Ilifika mahali kuku wakaingia chumbani mmoja mmoja kuhakikisha kama yu hai.

Maneno yalipokwisha, Zamda akageukia ukuta. “Sasa hili gari, mama, nifanyeje?”

Naelijwa akasita. Alijua mwenye gari yuko mlangoni.

Lakini Lugusha alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alikwenda uani, akarudi na kopo la rangi nyeupe na brashi pana, akausogelea ukuta. Akaanza na masharubu. Kisha vifungo vya shaba, kisha bendera, kisha behewa moja baada ya jingine mpaka kichwa cha gari, kwa utulivu, kama mtu anayefunga kazi siku ya mwisho. Fundi akataka kumpokea brashi. Naelijwa akamshika mkono, akamzuia.

Safari hii kazi ilichukua siku tisa. Naelijwa alikaa kitini katikati ya chumba akielekeza kwa bakora: shusha ndiva, ongeza ukungu, migomba ya mama haikuwa minene hivyo, mama alikuwa mchoyo wa samadi. Siku ya sita, bila yeye mwenyewe kujua, alianza kuimba. Lugusha alikuwa uani akiosha brashi. Aliziosha mara tatu, brashi zilizokuwa safi.

Asubuhi ya kwanza baada ya kazi kwisha Lugusha aliamka, akaketi ukingoni mwa kitanda kutafuta kandambili zake. Akaona mto umerudi mahali pake. Mkewe alikuwa macho, amelala chali, mikono juu ya shuka, anatazama mbele. Lugusha akataka kumuuliza kama sasa ameridhika, kama mawe yameachana vya kutosha, kama ukungu ndio ule. Kabla hajasema lolote akaguswa ubavuni kwa kidole.

“Sogea kidogo, Baba Ombeni,” akasema Naelijwa. “Unanikinga jua.”

Lugusha akasogea. Wakakaa hivyo, yeye huku na mkewe kule, na kati yao mahali wazi pa kupitisha mwanga, mpaka Naelijwa aliposema, “Naam, limetufikia,” akaenda kupika uji.

Habari ikaenea. Watu wakaanza kupanga foleni kwa Fundi Zamda: huyu anataka kumchorea mama yake bahari, yule anataka kumchorea mumewe shamba. Wengi walipitia kwanza kwa Lugusha wapate shauri, wakamkuta barazani na saa yake. Hakuwapa shauri la rangi wala la ukuta. Aliwauliza tu mama amesemaje, au mume amesemaje, na kama hawakuwa na jibu aliwaelekeza mlango wa kutokea. Wakisimama wanashangaa, aliwaambia kwa upole, kama mtu aliyewahi kujifuta ukutani kwa mkono wake mwenyewe:

“Mlima wa mwenzio hauchorwi kwa jicho lako.”