Ndara za Bluu Chini ya Mlango

Wapendwa, niwieni radhi mapema, maana mfano wa leo nitausimulia vibaya. Jana niliufanyia mazoezi jikoni kwangu ukaisha kabla chai haijachemka, na mke wangu akasema ni mzuri. Leo utakuwa mrefu na utazunguka. Nikipotea njia, mama wa kwaya pale mbele anikoholee. Na mkiniona naangalia sana ule mlango wa kando, msiniulize. Shingo ya mtu wa umri wangu ina mambo yake.

Kulikuwa na afisa mmoja wa probesheni, mama wa makamo, mcha Mungu. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia vijana walioachiliwa kutoka jela kabla vifungo vyao havijaisha. Awatembelee, aulize wanalala wapi, wanakula nini, wanatembea na nani, na akiona mmoja ameanza kupotoka, amrudishe kule kule. Si kazi rahisi. Mimi nina waumini ambao hawajawahi kufungwa hata siku moja, na bado siwaoni siku ya kufagia kanisa.

Akakabidhiwa kijana mmoja. Huyu aliingia jela akiwa na ndevu tatu, akatoka na ndevu kamili. Alikuwa amevunja duka yeye na wenzake. Akaja kukaa kwa shangazi yake, kwenye ploti yenye vyumba vya kupanga vinavyotazamana. Masharti yake yalikuwa machache. Aripoti ofisini kila Alhamisi, asirudi kwa wale wenzake, na asilale mahali pengine bila kumwambia afisa kabla jua halijazama. Hilo la mwisho lishikeni vizuri, tutalihitaji.

Hakukaa sana, malalamiko yakaanza. Na malalamiko yenyewe yalikuwa ya ajabu. Kijana hakuiba. Hakutukana mtu. Hakulewa. Alisimama tu. Mama Pacha wa chumba cha mwisho alifungua mlango amwage maji ya vyombo, akamkuta hapo, pua inakaribia kugusa mbao, kimya. Yale maji aliyamwaga, ndiyo, lakini si pale alipokusudia. Fundi cherehani naye akamkuta vivyo hivyo, na mwenye mashine ya kusaga unga pia. Habishi hodi, hakohoi, hasukumi. Anasimama nyuma ya mlango kama mtu aliyechorwa hapo. Siku ile ya Mama Pacha, mkononi alikuwa na chekeche la Mama Pacha mwenyewe, ametumwa na shangazi alirudishe. Lakini ukishaogopa uso wa mtu, ni nani tena anaangalia mikono yake?

Afisa akamwita ofisini. Akamuuliza anafanya nini kwenye milango ya watu.

"Nangoja, madam."

"Unangoja nini?"

"Mlango."

Sasa wewe ungefanyaje na jibu kama hilo? Mtu aliyefungwa kwa kuvunja mlango anakuambia anangoja mlango. Palikuwa na swali moja tu limebaki, moja, na afisa angeliuliza pale pale tungekwenda nyumbani mapema. Woga ukamziba mdomo. Badala yake akamwambia lalamiko lingine likija atamrudisha jela. Kijana akaitika, "Sawa, madam," akaendelea kusimama mpaka alipoambiwa atoke. Jioni hiyo afisa akapitia kwa shangazi, wakanong'ona kidogo hapo nje, kwa nia njema kabisa. Hakuna mtu anayenong'ona kwa nia mbaya, mmewahi kugundua? Ukimuuliza, nia yake daima ni njema.

Tangu siku hiyo mama wa watu hakutulia. Kijana alivaa ndara za bluu, moja imeshonwa kwa waya, na afisa akajua kwamba siku akija kusimama mlangoni pake, zitaonekana kwanza katika ule uwazi wa chini ya mlango. Basi kila Alhamisi akawa anaangusha kalamu makusudi ili ainame achungulie. Kalamu zilianguka mpaka mwenzake wa meza ya pili akamshauri akapimwe presha. Na kweli, Alhamisi moja akainama, na ndara hizo hapo. Hazisogei. Zimekuwa hapo tangu lini? Hakujua. Aliketi akiziangalia, na nje mwenye ndara aliangalia mbao, na kati yao hapakuwa na sauti yoyote. Mpaka karani alipofungua mlango akileta chai, kijana akaingia, akaripoti, akaenda zake. Afisa hakukumbuka neno hata moja alilosema.

Ikaja Jumamosi, alasiri ya mvua. Afisa yuko nyumbani kwake peke yake, watoto wamekwenda kwa bibi yao. Mbwa wa jirani akabweka, kisha akanyamaza. Unajua mbwa akinyamaza ghafla ni vibaya kuliko akibweka. Mama akageuza macho chini ya mlango wa sebule.

Ndara za bluu.

Nani amemwonyesha hapa? Amenifuata. Anajua niko peke yangu. Akataka kuomba, maombi yakakataa kutoka. Alichoweza ni kuchukua simu, kumpigia mwenyekiti wa nyumba kumi, na kunong'ona, "Yuko mlangoni."

Mwenyekiti hakuuliza ni nani. Alikuwa na firimbi aliyojinunulia mwenyewe, na miaka yote hajapata sababu ya kuipuliza. Akaipuliza. Na mnaujua mtaa ukisikia firimbi. Mmoja anatoka na mpini wa jembe, mwingine na nondo, mwingine hajui kuna nini lakini jiwe ameshaokota. Neno "mwizi" likatangulia mbele yao, na hakuna aliyeuliza limetoka kinywani mwa nani.

Kijana aliwaona wakija. Uchochoro ulikuwa wazi upande wa pili. Hakukimbia. Alichuchumaa, akaweka mikono kichwani, akageuza uso ukutani, jinsi alivyofundishwa kule jela. Mpini ukamshukia begani.

Ndani, afisa ameshika komeo kwa mikono miwili. Lile pigo amelisikia. Linalofuata litakwenda kichwani, na hilo pia analijua. Akifungua, pengine atakufa yeye. Asipofungua, atakufa mtu. Hebu jiulize kimya kimya, na usimwangalie jirani yako: wewe ungelishika lile komeo mpaka lini?

Akafungua. Akajitupa kati ya kijana na mpini, miguu mitupu kwenye matope, na akauliza lile swali alilolimeza ofisini.

"Mbona hukubisha hodi?"

Kijana akajibu bila kugeuza uso. "Kule hakuna hodi, madam. Mwenye ufunguo ndiye hufungua. Wewe unasimama tu."

Nondo ikashuka polepole. Mwenyekiti akaitia firimbi mfukoni kama mtu anayeficha mfupa aliouiba kwenye sufuria.

"Na hapa kwangu umefuata nini?"

"Shangazi amefunga nyumba. Amesema nisilale kwake tena. Nikaenda ofisini, kumefungwa, mlinzi wa geti akanielekeza huku. Masharti yanasema nikuambie kabla jua halijazama. Shangazi amesema ni wewe ulimwambia akae chonjo na mimi."

Wapendwa, hiyo ndiyo hatari iliyomfuata yule mama mpaka nyumbani. Mtu anayetii.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiangalia chini kana kwamba ameangusha kitu. Mama akamwinua kijana, akamwambia, "Karibu ndani." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kijana akasimama mbele ya kizingiti, bega limevimba, mvua inamnyeshea, akauliza, "Niingie mwenyewe?"

Sasa turudi kwetu sisi. Sisi tunapenda kusema kwamba Mungu humsikia anayebisha. Sawa. Na yule tuliyemsahaulisha kubisha? Tumemweka miaka nyuma ya milango asiyoruhusiwa kuigusa, kisha siku akitoka tunashangaa kwa nini amesimama. Ukimya wake tunauita ubaya. Woga wetu tunauita busara, tena tunauombea uzidi. Sikuja hapa kuwaambia msiogope. Yule mama hakuacha kuogopa. Alifungua hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba woga wako si ushahidi dhidi ya mtu mwingine. Lile swali lililobaki liulize mapema, wakati bado ni maneno, kabla halijawa mpini begani mwa mtoto wa watu.

Naona mnatikisa vichwa kukubali. Wazee wa kanisa ndio wanatikisa zaidi. Vizuri. Basi sasa niwaambie ukweli kuhusu shingo yangu.

Tangu kwaya ilipoimba wimbo wa pili, kuna viatu chini ya ule mlango wa kando. Msigeuke wote kwa pamoja, mtamtisha. Havijasogea hata kidogo. Ni ule mlango tulioutia kufuli tangu maikrofoni ilipopotea, na wote mnajua ni kijana gani wa mtaa huu ameachiliwa mwezi huu. Mnatazamana, mnaulizana nani ana ufunguo. Mwacheni mzee wa kanisa, hana kosa. Ufunguo uko hapa, mfukoni mwangu, na mfano ambao jana uliisha kabla chai haijachemka nimeuvuta mpaka sasa hivi nikitumaini atachoka aende zake.