Arobaini Katika Nyumba ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, masufuria na majirani wambeya kama sisi, Nguchiro alikuwa na nyumba ya udongo aliyopewa na bibi yake, aliyeijenga kwa mikono yake mwenyewe. Sogeeni, wajukuu, maana nikikumbuka kisa hiki hasira zinanipanda.

Bibi huyo aliugua akiwa kijiji cha mbali. Nguchiro akafunga virago na wanawe aende kumuuguza, na nyumba akampangisha rafiki yake, Ngiri.

"Kodi yangu ndogo," alisema. "Uezeke paa, na kila mavuno uniwekee debe la mtama."

"Aa, dada! Mimi na wewe tena?" Ngiri akacheka. "Ila nitakaa na mjomba wangu, Nguruwe Pori. Mpole huyo, wala hutamsikia."

Mpole! Huyo mpole alivunja dirisha, akafukua sakafu ya sebuleni akitafuta mizizi, na mlango wa jikoni akautia motoni, ilhali kuni zimejaa uani! Paa halikuongezwa hata unyasi mmoja. Na mtama? Thubutu!

Bibi akafariki. Nguchiro akarudi na wanawe, mawingu ya masika yameshatanda.

"Hodi!"

Puu! Nguruwe Pori akafungua mlango kwa teke. "Nani wewe?"

"Mwenye nyumba."

"Wenye nyumba ni sisi! Ngiri, njoo uone, kuna kitu kidogo hapa kinapiga kelele!"

Ngiri alikuja, rafiki huyo, asiweze hata kumtazama usoni. "Dada, mambo yamebadilika. Nyumba ni ya anayelala ndani."

Nguchiro akakimbilia barazani kwa Jumbe Nyati, na wale wawili wakaitwa. Na Jumbe naye! Aliwatazama wale wawili, wanene, wenye meno yaliyojitokeza nje, akamtazama Nguchiro, kisha akasema, "Wawili wanasema yao, mmoja anasema yake. Wawili wameshinda."

Haki gani hiyo, ya kupimwa kwa unene?

 Wana wa Nguchiro walikuwa wamejikunyata kwenye kibaraza cha jirani yao, Bi Kanga, mvua ikiwarushia maji. Lakini Nguchiro hakulia. Akasema kwa adabu, "Jumbe, naomba uwaulize tena, watu wote wasikie. Mwenye nyumba ile aliyoijenga marehemu bibi ni nani?"

"Sisi!" wakanguruma kwa pamoja.

"Haya. Asanteni. Wote mmesikia."

Ikafika arobaini ya bibi. Gudu! Gudu! Gudu! Ngiri alichungulia nje akaona uwanja umejaa: Tembo na mashemeji zake, viboko, vifaru, na Jumbe Nyati mbele yao, kila mmoja na mkeka wake.

"Hodi, wenyewe!"

"Mnataka nini?"

"Hujui mila?" Tembo akashangaa. "Arobaini hufanyika kwenye nyumba aliyoijenga marehemu, na mwenye nyumba ndiye anayelisha watu. Tuna njaa kweli. Hatuondoki mpaka tushibe."

Nguruwe Pori akayatazama yale matumbo, akarudi nyuma. "Ngiri, sema kitu!"

"Jamani, sisi si wenyewe!" Ngiri akapiga kelele. "Sisi wapangaji tu! Mwenyewe ni Nguchiro! Tena hata kodi hatujalipa!"

 Jumbe Nyati akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Kumbe mlinidanganya barazani? Tokeni!"

Tembo alimnyanyua mjomba kwa mkonga, akambwaga njiani, tii! Ngiri hakungoja zamu yake. Alitoka mbio, mkia juu.

Hapo Nguchiro akatokea kwa Bi Kanga, masufuria ya wali yanafuka moshi. Alikuwa anapika tangu alfajiri. "Karibuni nyumbani kwangu," alisema. "Mniwie radhi, mlango wa jikoni umeliwa na moto."

Harufu ya wali ikamfikia Ngiri kule njiani. Akarudi polepole. "Dada... hata ukoko?"

"Ukoko ni wa mwenye nyumba," Nguchiro akamjibu, akaukwangua akawagawia wanawe.

Basi wajukuu, mimi sasa nimepoa, nanyi shikeni hili: anayejiita mwenye nyumba, na aubebe mzigo wa nyumba.