Sindano ya Tima na Kisima Kisicho na Jina

Hapo zamani, punda walipokuwa bado wanaamkiwa, upepo ulivuma Kichangani ukafukia kisima pekee cha kijiji, pamoja na kifuniko chake cha chuma. Ukabaki mchanga, na mchanga mwingine wa akiba. Watu wakafunga mizigo wahame. Tima, mke wa sonara, alikuwa na mimba pevu. Safari hiyo asingeiweza.

Akasugua sindano kwenye sumaku, akaining'iniza kwa uzi ndani ya chupa ya taa, upepo usiichezee. "Ikigeuka, chuma kiko chini."

Akazunguka nayo kutwa. Sindano ikatulia kama mgeni aliyeshiba.

Jirani yake Bwanaheri akachungulia. "Dada Tima, uzi wako mnene. Umeishika kama mama mkwe."

Akavua kilemba chake cha hariri, ambacho hakuna aliyewahi kumwona akiwa hanacho, akachomoa uzi mmoja mwembamba. Kilemba chote kikafumuka. Kipara kikang'aa. Lakini sindano sasa ikawa nyepesi, ikageuka. Ikamgeukia Mwana Kiponda, bibi mzee wa kijiji. Bibi akienda kushoto, nayo kushoto. Akienda kulia, nayo kulia. Wakachimba aliposimama, wakapata mchanga.

"Bibi, umemeza kisima?" akauliza Bwanaheri.

Tima akamtazama bibi kiunoni. Mwana Kiponda ndiye aliyetunza funguo za masanduku ya kijiji kizima, shada zima la chuma, na hata kuoga alioga nalo.

"Zivue, bibi."

"Nikizivua, nani ataniamkia?"

"Mimi nitakuamkia. Mimi na huyu aliye tumboni."

 Bibi akamvika punda funguo zake, akamfukuza aende mbali.

Sindano ikatetemeka, ikageukia mahali penyewe. Wakachimba, jembe likalia ngwaa, maji yakapatikana. Wiki haikuisha, mtoto wa Tima naye akalia.

Sasa, Kichangani kisima hupewa jina moja tu, la aliyekipata.

"Bila sindano yangu mngekuwa njiani," akasema Tima.

"Bila hariri yangu ingelala mpaka leo," akasema Bwanaheri. "Na kichwa changu sasa kinajulikana mpaka na kunguru."

"Nisingevua," akasema Mwana Kiponda, "mngekuwa bado mnanichimba mimi."

Mtoto amekua, anatumwa maji kila asubuhi, na akiulizwa anakwenda kisima cha nani, anakuna kichwa. Haya, ninyi mnaocheka, msaidieni mtoto: kisima kiitwe nani?