Tonge, Kamba na Kasia

Hapo zamani, ingawa si zamani sana maana simu zilikuwepo, kule Musoma aliishi fundi cherehani mmoja, Majura, aliyeogopa maji kama paka. Lakini kila Jumapili watoto wake walilia, "Baba, tupeleke kisiwani!" Kilio cha mtoto hakizibwi na pamba. Majura akakubali kununua boti ya kujazwa upepo.

Kununua si kazi. Kazi ni kuchagua, maana dukani zilikuwa za aina mbili.

Mkewe Nyasatu akasema, "Tuchukue ile laini, mpira mtupu. Tukirudi tunaitoa upepo, tunaikunja, inalala uvunguni."

Magesa, kaka yake Nyasatu, akacheka. "Boti ya kukunjwa kama shuka? Shemeji, chukua ile yenye tumbo gumu. Ile inapasua mawimbi."

"Nayo italala wapi?" Nyasatu akauliza. "Kitandani kwako?"

Mama yao, Bibi Nyabwire, akasema, "Nunueni ng'ombe."

Muuzaji alipochoka na mabishano aliwaazima zote mbili wakazijaribu. Majura akapanda boti ngumu, yenye mashine, na Magesa, maana mtu haketi goti kwa goti na mama mkwe. Bibi akapanda boti laini na Nyasatu, watoto, sufuria ya ugali, na jogoo wa kuchinjwa kisiwani.

Katikati ya safari upepo ukavuma. Boti laini ikapinda, ikakunjuka, ikapinda tena. Jogoo akataharuki, akarusha teke, ukucha ukatoboa mpira. Fsssss! Watoto wakapiga yowe. Bibi akamega tonge, akalikandika tunduni, akalikalia. Kimya. Lakini ubavu ulikuwa umeshalegea, na kasia la Nyasatu halikufua dafu mbele ya upepo ule. Magesa akageuza boti, akawarushia kamba, akawavuta mpaka karibu na kisiwa.

Majura akaanza kutabasamu. Tabasamu halijafika masikioni, ngo! Boti ngumu ikapanda mwamba uliojificha chini ya maji, ikainama, na Majura akaenda ziwani na kofia yake. Magesa akanyoosha mkono, haukufika. Akataka kurudi nyuma, boti imenasa, mashine inanguruma bure. Majura akazama, akaibuka, akawaona wanawe wakilia, akazama tena. Moyoni alisema, kumbe mtu hufa kwa matembezi!

Nyasatu akafungua kamba, akashika kasia. Boti laini ikateleza juu ya miamba ileile kama kambale. Akamkamata mumewe ukosi, akamvuta ndani, naye akaangukia mapajani mwa mama mkwe.

"Nisamehe, mama!"

"Nitakusamehe nchi kavu. Usinisukume, nitatoka kwenye tonge!"

Wakafika ufukweni mwa kisiwa. Wavuvi wakainasua boti ngumu, jogoo akachinjwa, akaiva. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, kila mtu anajua. Lakini Majura, meno yakigongana, akasema, "Leo siili. Ataila aliyeniokoa. Na neno lake kuhusu boti ndilo nitakalofuata."

Nyasatu akanyoosha sahani. "Nani alikutoa majini? Boti laini!"

"Bila kamba yangu," Magesa akasema, "saa hizi mngekuwa mnaelea kuelekea Uganda. Ungemtoa majini ukiwa wapi?"

"Bila boti yako asingetumbukia!"

"Na jogoo alipakiwa na nani?"

Bibi Nyabwire akakohoa. "Kama si tonge langu na makalio yangu, kamba ingevuta gamba tupu, na mwenye kasia angekuwa chini na samaki. Kwa hiyo firigisi ni yangu. Na neno langu ni hili: hakuna boti."

Watoto wakaangua kilio upya.

Majura akaishika firigisi kwa vidole viwili. Akamtazama mke, ambaye atalala naye. Akamtazama shemeji, ambaye atamvusha kurudi nyumbani. Akamtazama mama mkwe, akainamisha macho haraka.

Mchuzi unamdondokea kiganjani, jamani, naye hajasema. Msemeeni ninyi: kati ya mwenye kasia, mwenye kamba na mwenye tonge, nani aliistahili firigisi ile?