Nimekuita Mara Tatu

Wapendwa, huko milimani Upare, juu kabisa ambako gari linaishia na miguu inaanza, alikuwepo mwongoza wageni mmoja aitwaye Mbonea. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kwenye maporomoko ya maji yaliyojificha ndani ya msitu, mwendo wa saa tatu, na zaidi kama mvua imenyesha.

Wageni walimpenda. Kwa nini walimpenda? Wenzake walikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Lakini Mbonea alikuwa na subira. Penye utelezi alisimama akakupa mkono. Ukianza kuhema, alijifanya kamba ya kiatu chake imelegea, akainama kuifunga taratibu, ili wewe upumzike bila aibu. Na kabla ya kuvuka mto aligeuka kila mara kumtazama mtu wa mwisho.

Chapati na mayai ya safari alipika mkewe, Namkunda. Miaka kumi na tisa alikuwa akiamka alfajiri kupika.

Siku moja akaja mama mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu kutoka Tabora. Walipokaa kula karibu na maji, yule mama akatafuna, akatikisa kichwa kwa utamu.

"Mwanangu, chapati hizi kapika nani?"

"Mke wangu, mama."

"Naye anapapenda hapa?"

Mbonea akamwongezea chapati nyingine. Hakuwahi kumleta mkewe hata siku moja.

Swali lile likamchoma njia nzima ya kurudi. Jumamosi iliyofuata akakataa wageni, akamwambia mkewe, "Mama Eliapenda, leo usipike. Vaa viatu, nikupeleke ukayaone maporomoko."

Namkunda akamtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akajifunga khanga, akavaa raba za binti yao, wakatoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbonea alikuwa na furaha ya kweli, msimhukumu haraka. Lakini alitembea vile alivyozoea kutembea na mkewe wakienda sokoni, wakienda msibani, hata wakija kanisani: yeye mbele. Akawa anasimulia bila kugeuka, mti huu dawa yake hii, ndege yule jina lake hili. Penye utelezi akapita. Kwenye mto akaruka jiwe hadi jiwe. Alipofika ng'ambo akasema, "Shika huo mzizi," akanyoosha mkono nyuma.

Hapakuwa na mtu wa kuushika.

Akaita. Mto ukaimeza sauti yake. Akaita tena. Mgeni hakuwahi kumpotea, hata mmoja, na leo mke wake hayupo! Akarudi mbio, anateleza, anainuka, kila kona anachungulia bondeni. Mnajua mtu huwaza nini saa kama ile?

Akamkuta amekaa juu ya gogo, raba moja mkononi, kifundo cha mguu kimevimba.

"Mama Eliapenda! Mbona hukuniita?"

"Nimekuita mara tatu, Baba Eliapenda."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Mbonea akapiga magoti kwenye tope, akaushika ule mguu. "Pole, mke wangu. Pole sana. Na maporomoko yenyewe hujayaona."

Namkunda akacheka kidogo. "Maporomoko? Mimi si nimezaliwa upande wa pili wa mto huu? Nilikuwa nikikata majani ya ng'ombe pale juu tangu sijaota meno ya ukubwani. Nayajua kabla yako."

"Sasa ulikubali kuja kufanya nini?"

Akaipangusa tope ile raba. Halafu akasema, "Wageni wako wakirudi hunisimulia. Mume wako alitusubiri. Mume wako alituuliza kama tumechoka. Miaka yote nawasikiliza, najiuliza huyo wanayemsema ni nani. Nikasema leo na mimi nikatembee naye."

Wapendwa, Mbonea alilia pale pale, mwanamume mzima. Akararua kitambaa, akamfunga mguu, akampa bega lake, wakaanza kushuka. Njia ya saa moja waliishuka hadi alasiri. Kila baada ya hatua chache alimuuliza, "Umechoka?" Naye Namkunda, hata pale alipokuwa bado na nguvu, alijibu, "Kidogo," ili tu asimame naye.

Sisi je? Kazini mteja akituudhi tunatabasamu. Mgeni akivunja glasi yetu tunasema, "Si kitu, usijali." Mtoto wetu akiivunja ile ile, tunamwambia nini? Mzee wetu akiuliza jambo mara mbili, tunamjibu kwa sauti gani? Tusidanganyane kwamba upole hatuna. Upole tunao tele, watu wa nje ni mashahidi. Ila tunaumaliza huko huko barabarani, wa nyumbani tunawapelekea mgongo.

Ndugu yangu, wewe unayenitazama, sitaki kujua wageni wanakusifu vipi. Ninakuuliza habari za mtu wako. Yuko wapi sasa hivi? Kama hujui, geuka, rudi ukamtafute leo hii, kabla hajachoka kuita.