Kisiwa Nyuma ya Mapazia

Mama mmoja alikuwa na macho yanayozimika, na watoto sita waliompenda. Nasema waliompenda, msije mkanikatiza baadaye. Shida yao haikuwa upendo.

Marehemu mumewe aliwahi kupaka rangi hoteli kwenye kisiwa kimoja cha watalii, ng'ambo ya ziwa. Kila akirudi alimwambia, "Mama Magesa, maji ya kule yakikufika magotini, unaziona kucha zako za miguu moja moja. Siku moja nitakupeleka." Hakumpeleka. Alikufa. Sasa daktari wa macho alikuwa amesema mwanga uliobaki hautafika mvua zijazo. Mama akawaita watoto wake, akawaambia neno moja tu: anataka kwenda kuziona kucha zake kabla ya giza.

Wakakubali wote. Kisha wakaunda kamati.

Kamati, jamani! Mwenyekiti, katibu, mtu wa sare, mtu wa keki. Miezi miwili ya vikao, na macho ya mama hayakungoja kikao, yalizidi kuzimika. Siku ilipofika wakapanda kivuko cha asubuhi, watu thelathini na wawili, kitenge kimoja. Mama alitaka kusimama ubavuni ashike chuma, atazame maji. Wakamkalisha ndani, upepo usimharibie kilemba.

Kisiwani hakuna aliyegeuza shingo kutazama ziwa. Moja kwa moja ukumbini. Mama akawekwa meza kuu, kwenye kiti kilichovikwa satini, na mapazia yakafungwa, maana mtu wa video alisema mwanga wa ziwa unamharibia picha. Mwanga wa ziwa! Ule ule uliowapandisha kivuko ndio wakaufungia nje.

Wakamngoja mgeni rasmi, mkubwa wa Magesa kazini. Saa nne, saa tano. Mama akamvuta Magesa shati, akamuuliza, "Mwanangu, maji yako wapi?" Magesa akamnong'oneza, "Tulia mama, bado kidogo. Si siku yako hii?" Kivuko cha pili kikafika, na mgeni rasmi hakuwamo, alituma mwakilishi. Ndipo utambulisho ukaanza. Ukoo wa baba, simameni mpunge mkono. Wakwe. Majirani. Wanakamati, mmoja mmoja, na makofi matatu ya nguvu kwa kila mmoja. Mshereheshaji akatangaza itifaki imezingatiwa, halafu akaanza upya kwa ajili ya waliosahaulika. Nachoka mimi kusimulia tu, sembuse yeye aliyekalishwa pale.

Mwanamke wa kupiga deki, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani, akapita nyuma ya meza kuu na ndoo yake. Mama akamshika kanga.

"Wataka chooni, bibi?"

"Nataka majini."

Yule mwanamke hakuuliza kamati. Akaweka ndoo chini, akamshika mkono, wakatokea mlango wa jikoni.

Saa tisa mshereheshaji akapaza sauti: "Na sasa tumpokee kwa vigelegele mama yetu mpendwa!" Vigelegele vikapigwa, tena vya kupasua masikio. Kwenye kiti kulikuwa na satini peke yake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile, mtu alipofungua pazia, wakamwona mama yao amesimama ziwani, sare ameikunja hadi juu ya magoti, yule mwanamke kamshika kiwiko. Wakakimbia mchangani na viatu vyao vya visigino, wengine wanalia, wengine wanagomba.

"Mama, umetuaibisha! Hata keki haijakatwa!"

Mama hakuinua uso. Alikuwa bado anatazama chini.

"Mimi kucha zangu kumi zote nimeziona," akasema. "Nyie mmeona nini?"

Honi ya kivuko cha mwisho ikalia. Wakabeba bango, wakabeba keki nzima, wakakimbilia gatini. Katikati ya safari Magesa alimuuliza mdogo wake maji ya kule yalikuwa ya rangi gani. Mdogo wake hakujua.

Basi nawauliza nyie mliokaa hapa na madaftari ya kamati mapajani: huyo mnayesema siku ni yake, mara ya mwisho mlitazama lini kama bado yuko kwenye kiti?