Neno Lililoliwa na Mchwa

Hapo zamani za kale, zama ambazo hata nyumbu alikuwa na ofisi, aliishi pimbi mmoja, jina lake Bi Mize. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana mkia, na mdomoni ana vijino viwili vimechomoza kama pembe za tembo. Msicheke. Pimbi na tembo ni ndugu, mama zao tumbo moja, ila mmoja alikula zaidi.

Kazi ya Bi Mize ilikuwa kukaa juu ya jabali na kutazama. Akiona chui, fyuu. Akiona moto, fyuu fyuu. Akiona siafu, fyu-fyu-fyu-fyuuu, na bonde zima hukimbilia mahali pa juu. Hakumdai yeyote kitu. Alasiri wanyama walipita kumjulia hali, na wa kwanza siku zote alikuwa Kombo, mtoto wa mama yake mdogo, tembo ambaye hata pembe hazijamtoka. Kombo alijikuna mgongo jabalini, kwaru kwaru, huku akiuliza, "Dada Mize, umeshindaje?" Kisha humpa donge la chumvi alilolibeba mkongani, wakazungumza mpaka kivuli cha jabali kifike mtoni.

Halafu Kombo akaenda chuoni kusomea Elimu ya Haja, yaani namna wanyama wanavyopata wanachokihitaji. Akarudi Profesa. Tangu hapo hupita njia ya mbali, na wanyama wengine wakamwiga.

Jabali lilikuwa limelainika pale mgongo wake ulipokuwa ukipita. Kila alasiri Bi Mize huketi hapo hapo. Palikuwa na joto. Alijua ni jua tu, lakini hakutaka kuambiwa.

Siku moja akaja Nyumbu, karani wa chuo, na fomu kwapani.

"Bi Mize, jabali linatakiwa. Patajengwa Idara ya Mistari Inayokutana. Wewe umesajiliwa kufanya nini hapa?"

"Kupiga mluzi."

"Unampigia nani, naye anakupa nini?"

"Napigia wote. Hawanipi kitu. Zamani walikuwa wakinisalimu."

Nyumbu akapekua fomu mbele na nyuma. "Salamu haina kisanduku. Na Kitabu cha Mwalimu Kobe, kinachosomwa chuoni, kinasema, ukurasa wa kwanza kabisa: *Kila mnyama yupo peke yake, wala hatoi kitu ila apate kitu.* Mluzi wako haukupatii kitu. Basi mluzi haupo."

"Na mpiga mluzi usiokuwepo?"

Nyumbu akafikiri. "Naye hayupo."

"Basi nipe barua ya kwamba sipo, Bwana Karani. Yenye muhuri. Nisije nikasumbuliwa huko niendako."

Kugonga muhuri ndiyo raha pekee aliyokuwa nayo Nyumbu. Puu.

Asubuhi yake Bi Mize akafika chuoni. Mlangoni alisimama Ngiri, askari.

"We mama, unakwenda wapi?"

Akampa barua. Ngiri akaisoma mara mbili. "Kweli hupo," akasema. "Pita basi. Sina amri ya kumzuia asiyekuwepo."

Ndani, Profesa Kombo alikuwa akichora mchangani mistari miwili inayokutana, wa wanaotaka na wa wanaotoa, na mbele yake wameketi wanazuoni wazito: vifaru, nyati na viboko. Bi Mize akapanda juu ya meza na kuanza kula tikiti la Profesa. Nyam nyam.

"Nani anakula tikiti langu?"

Nyumbu akainama. "Hakuna yeyote, Profesa. Nimegonga muhuri mwenyewe."

Profesa akamtazama yule asiyekuwepo, naye akamtazama. Profesa ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

Hapo Bi Mize akavuta pumzi. Fyu-fyu-fyu-fyuuu!

Lahaula. Viboko wakatokea dirishani pamoja na dirisha. Kifaru akamsukuma Nyati juu ya benchi, ndipo naye akapanda. Profesa akauficha mkonga kinywani na kupanda meza. Meza ikasema kracha.

Vumbi likatua.

"Siafu wako wapi?" akauliza Profesa kutoka chini.

"Siafu gani?" akasema Bi Mize, ameketi juu ya vibao vya meza, tikiti mkononi. "Mmesikia nini?"

"Mluzi."

"Upi? Ule usiokuwepo?"

Bi Mize akageuka.

"Na wewe Kifaru, umempandisha mwenzio kwanza. Amekupa nini?"

Kifaru akatazama kwato zake. "Ana mguu mbovu," akasema taratibu.

"Leteni Kitabu."

Kikaletwa. Mwanzoni mwa mstari wa kwanza palikuwa na tundu, kidogo tu.

"Bibi yangu alikaa mbele ya Mwalimu Kobe siku alipoandika hapa," akasema Bi Mize. "Neno la kwanza lilikuwa *Tuseme*. Tuseme kila mnyama yupo peke yake. Ni kwa asubuhi hii tu, aliwaambia, ili hesabu iwe nyepesi. Jioni tutarudi kujizungumzia kama tulivyo. Kobe akafa kabla ya jioni. Mchwa wakala neno, nanyi mkakariri masazo."

Ikaundwa tume. Ilikaa miezi saba, ikalirudisha neno, ingawa ndani ya mabano. Nyumbu aliifuta barua kwa muhuri mkubwa zaidi, na jabali likabaki kuwa la Bi Mize.

Lakini alasiri ile ile ya mluzi, kabla ya tume yoyote, Bi Mize alikuwa ameketi pale palipolainika, akitazama njia. Njia ilikuwa tupu. Kivuli kilikaribia mto.

Du. Du. Du.

Profesa akasimama chini ya jabali, hajui auweke wapi mkonga wake. Ndani yake mlikuwa na donge la chumvi.

"Tuseme," akaanza, akakohoa. "Tuseme nilikuwa napita tu."

"Usiseme hivyo," akajibu Bi Mize. "Sema umekuja."

"Nimekuja, Dada Mize. Umeshindaje?"

Bi Mize alikuwa na jibu kali, alilolitunza miaka mingi. Akalitafuta asilione. Kwaru kwaru, likasema jabali.

Nami nawaachia hapo, kivuli kimeshafika mtoni: mkikikosa kitu kitabuni msiseme hakipo, tazameni kwanza mchwa walianzia wapi.